UZI: Seli shina za moyo za Piero Anversa hazikuwepo. Basi nafuu iliyoonekana ilitoka wapi?

#1 Hadubini
Wakuu, salaam. Naleta jambo ambalo watu wa baiolojia ya seli na watu wa wodini wamekuwa wakilijadili kila mmoja upande wake.

Piero Anversa, Mwitaliano aliyefanyia kazi zake Marekani, aliandika kwa zaidi ya miaka kumi kwamba moyo wa mtu mzima una seli shina zake, zinazotambulika kwa protini ya c-kit iliyo juu ya utando wa seli. Alidai ukizitoa, ukazikuza na kuzirudisha, zinajenga msuli mpya penye kovu. Makala ya 2001 kwenye jarida la Nature ilisema kwamba seli za uboho zenye c-kit, zilizodungwa pembezoni mwa jeraha la moyo wa panya, zilitoa msuli mpya uliochukua asilimia 68 ya eneo lililokufa, siku 9 tu baada ya sindano. Oktoba 2018 Harvard na hospitali ya Brigham and Women's wakatangaza kwamba makala 31 za maabara yake zinapaswa kufutwa.

Msimamo wangu: seli hizo kama chanzo cha msuli hazipo, na hilo limefungwa. Kinachonishughulisha ni kwamba maabara zisizohusiana naye kabisa ziliona moyo uliodungwa seli ukisukuma damu vizuri kidogo kuliko usiodungwa. Kama msuli haukuzaliwa, nafuu ilitoka wapi?

#2 Kijana wa Slaidi
Uzi mzuri. Nyongeza mbili ili msomaji asipotee. Kazi ya 2001 haikufanyika Harvard. Ilikuwa New York Medical College, kule Valhalla, kwa kushirikiana na Donald Orlic wa taasisi za afya za taifa, NIH. Boston alihamia 2007. Pili, namba 31 ni mapendekezo ya taasisi kwa majarida. Kila jarida ndilo linaloamua kufuta na lini, kwa hiyo hazikuondoka zote siku moja.

#3 Bi Patholojia
Kabla ya nafuu, tuelewe picha zilipotosha vipi, maana bila hapo tutarudia.

Msuli wa moyo una tabia ya kung'aa wenyewe chini ya hadubini ya mwanga wa flurosenti. Seli iliyozeeka imejaa lipofusini, yaani taka inayorundikana ndani ya seli, na lipofusini inatoa mwanga kuanzia kijani hadi nyekundu. Ukihifadhi kipande kwa fomalini, mng'ao unazidi. Sasa mtafiti anayetafuta protini ya kijani GFP, alama ya seli zilizodungwa, ndani ya msuli uliojeruhiwa anaona kijani kila mahali. Namna ya kujikinga inajulikana:

Kata kipande kutoka kwa panya asiye na GFP kabisa, kipitishe rangi zilezile siku hiyohiyo, kipige picha kwa mpangilio uleule wa mwanga. Kiking'aa, hesabu yako haina maana. Weka kipande kingine chenye kingamwili ya pili (inayobeba rangi) peke yake, bila ya kwanza (inayoshika protini unayoitafuta). Zima mng'ao kwa rangi nyeusi ya Sudan Black B, asilimia 0.1 ndani ya ethanoli ya asilimia 70, kisha suuza sana maana inaacha madoa. Na kama hadubini inaweza kusoma mwanga kwa mawimbi tofauti, soma mkunjo mzima: GFP ina kilele chembamba karibu na nanomita 509, lipofusini imetambaa.

Shida ya pili ni unene. Kipande cha mikromita 5 hadi 10 kinaweza kubeba kiini cha seli ya damu au ya mshipa kilicholala juu ya seli ya msuli. Ukitazama kutoka juu unaona kiini kimoja ndani ya msuli, kumbe ni seli mbili. Ndiyo maana siku hizi mtu akileta picha ya kiini kinachogawanyika bila kupaka mipaka ya seli na bila PCM-1, protini inayozunguka kiini cha seli ya msuli wa moyo, mimi siendelei kusoma.

#4 Takwimu Safi
Mimi naanzia wodini. Hadubini anauliza nafuu ilitoka wapi. Swali langu: nafuu gani?

Kipimo kikuu kilikuwa EF, yaani asilimia ya damu ya ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini) inayotoka kwa kila pigo. Chukua ventrikali yenye mililita 200 ikijaa na 140 ikibana. EF ni 30. Mpimaji akichora ukuta wa ndani kidogo tu tofauti kwenye picha ya kubana, akapata 130, EF imekuwa 35. Hakuna seli iliyozaliwa, ni mkono umesogea. Kwa ultrasaundi, watu wawili wakisoma picha ileile hutofautiana kwa pointi kadhaa bila ubaya wowote.

Ongeza jambo la uteuzi. Ukiingiza wagonjwa kwa sharti la EF kuwa 40 au chini, unakusanya na wale ambao siku hiyo kipimo kilishuka kwa bahati. Ukiwapima tena watapanda hata ukiwapa maji. Tiba ikishindanishwa na kundi la kulinganisha dogo, au lisilopangwa kwa kura, ongezeko hilo linasomeka kama uponyaji.

Mwaka 2014 kundi la Darrel Francis wa Imperial College London lilichapisha kwenye BMJ uchambuzi wa majaribio 49 ya seli za uboho. Walihesabu mikinzano ndani ya ripoti: namba zisizojumlika, mgonjwa aliyefariki anayeendelea kujaza dodoso, mambo ya namna hiyo. Walipata 604. Majaribio yenye mikinzano zaidi ya 30 yalionyesha EF kupanda pointi 7.7. Yale 5 yasiyo na mkinzano wowote yalionyesha kushuka kwa pointi 0.4. Kwangu hilo linajibu swali karibu lote.

#5 Hadubini
Takwimu Safi, nakubali kwa binadamu. Lakini panya hajui kama amepewa seli au maji, na baadhi ya maabara zilificha makundi kwa mpimaji. Hapo unasemaje?

#6 Takwimu Safi
Panya hajui, aliyemdunga anajua. Kufunga ateri ya panya kwa uzi hakutoi jeraha la ukubwa sawa. Sindano ikipita milimita moja juu au chini, kovu linabadilika. Wengine hufa saa 48 za mwanzo, na ukitoa waliokufa kwenye hesabu bila kusema walikuwa kundi gani, umeshachagua jibu. Nionyeshe jaribio ambalo kura ilipigwa baada ya kufunga ateri, kabla ya sindano, na wafu wote wamehesabiwa. Yapo, si mengi.

#7 Mnasaba
Nirudi kwa #3. Suala la rangi lilijibiwa mapema mno, tena kwenye Nature ileile, Aprili 2004. Makala mbili zilitoka pamoja: ya Charles Murry na wenzake, na ya Balsam na wenzake kutoka Stanford. Kundi la Murry liliacha kutegemea kingamwili. Walitumia panya ambao alama yao inawaka pale tu seli inapowasha jeni la msuli wa moyo. Seli ya uboho ikibadilika kuwa msuli, inajitangaza yenyewe. Walifanya upandikizaji 145 na hawakuona mabadiliko hayo. Balsam wakaona seli zilezile zikiendelea na njia yao ya kawaida ya kuwa seli za damu.

Yaani miaka mitatu baada ya dai, jibu lilikuwa mezani. Wagonjwa waliendelea kudungwa baada ya hapo, na hilo linaniuma.

#8 Kijana wa Slaidi
Mnasaba, kuna kipande umekiruka: kuungana kwa seli. Mwaka huohuo 2004 Nygren na wenzake waliona seli chache za msuli zilizobeba alama ya uboho, na maelezo yao yalikuwa kwamba seli ya damu imeungana na seli ya msuli iliyopo. Seli moja yenye viini vya asili mbili. Kwa hadubini utaapa ni seli mpya.

Hii ndiyo inayoeleza, angalau kwa sehemu, fujo ya mioyo iliyopandikizwa. Mwanamume akipewa moyo wa mwanamke, ukikuta kromosomu Y kwenye seli ya msuli, imetoka kwa mpokeaji. Kundi la Anversa mwaka 2002 lilitoa kiwango cha asilimia 7 hadi 10. Laflamme na Murry mwaka huohuo walipata asilimia 0.04. Kuungana kwa seli kunatosha kwa hiyo 0.04. Kwa 10 hakutoshi, tunarudi kwa Bi Patholojia na viini vilivyolaliana.

#9 Kaboni Kumi na Nne
Mnaongelea seli zilizodungwa. Swali kubwa zaidi ni kama moyo wenyewe unazaa seli, na hapo namba zipo.

Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, 1955 hadi 1963, yalipandisha kaboni-14 hewani karibu maradufu. Baada ya mkataba wa 1963 ikaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Mimea iliivuta, tukaila, na kila seli iliyogawanyika iliandika kiwango cha mwaka huo ndani ya DNA yake. Mtu aliyezaliwa kabla ya 1955 akikutwa na kaboni-14 ya ziada kwenye DNA ya msuli wa moyo, seli hizo zimetengeneza DNA baada ya yeye kuzaliwa.

Utaratibu: saga kipande cha ventrikali, tenga viini, vipake kingamwili ya troponini, protini ya msuli wa moyo, vipitishe kwenye mashine ya kuchambua kwa mwanga ili upate viini vya msuli peke yake. Hatua hii haiepukiki, maana katika ventrikali seli za msuli zina ujazo mkubwa lakini viini vyake ni wachache kuliko vya seli nyingine. Kisha toa DNA, ichome iwe kaboni dioksidi, igeuze kuwa grafiti, peleka kwenye kiongeza kasi kinachohesabu atomu. Adui ni kaboni ngeni: mabaki ya ethanoli, protini, hata vumbi la vifaa. Kaboni-14 ni kama atomu moja kati ya trilioni, kwa hiyo uchafu kidogo unaharibu tarehe.

Olaf Bergmann na Jonas Frisén wa taasisi ya Karolinska, Sweden, walichapisha 2009 kwenye Science: asilimia 1 ya seli za msuli hubadilishwa kwa mwaka ukiwa na miaka 25, ikishuka hadi 0.45 ukiwa na 75. Maisha yote hufiki nusu. Kundi la Anversa mwaka 2010 liliandika kwamba kati ya miaka 20 na 100 msuli wote wa moyo hubadilishwa mara 15 kwa wanawake na mara 11 kwa wanaume. Hesabu hizo mbili haziwezi kukaa moyo mmoja.

#10 Dokta Ventrikali
Kaboni leo kaja na mzani wa atomu, tukae kimya tusikilize 😄

Ila nina pingamizi. Seli ya msuli wa moyo inaweza kuongeza DNA bila kugawanyika. Kiini kinatoka nakala mbili hadi nne na seli inabaki moja. Kaboni-14 itaingia na wewe utasema seli mpya imezaliwa.

#11 Kaboni Kumi na Nne
Sawa kabisa, na ndiyo maana walipima kiasi cha DNA kwa kila kiini na kurekebisha. Kwa binadamu ongezeko hilo hutokea zaidi utotoni, takriban hadi miaka 10. Tena pingamizi lako linashusha namba, haliipandishi: likiwa kweli, asilimia 1 inakuwa pungufu ya 1. Halimsaidii Anversa.

Njia nyingine isiyotumia kaboni imekubaliana nayo. Kundi la Richard Lee mwaka 2013 lilitumia naitrojeni-15 kwa panya na kupata asilimia 0.76 kwa mwaka. Na lilipofuatilia chanzo, seli mpya zilitoka kwa seli za msuli zilizopo, si kwa seli shina.

#12 Mnasaba
Hapo ndipo van Berlo na Jeffery Molkentin, 2014, wanapoingia. Waliwatia panya alama kwenye jeni la Kit lenyewe, linalotengeneza c-kit, kila seli iliyowahi kuwa na c-kit ikabaki na rangi maisha yake yote, yeye na wazao wake. Seli za msuli zenye rangi zilikuwa asilimia 0.03 au chini. Wakitoa zilizoungana, chini ya 0.008. Nyingi zilizobeba rangi zilikuwa za kuta za mishipa ya damu.

#13 Mtetezi wa Kit
Nasimama upande wa pili kidogo, si kwa ajili ya picha zilizofutwa bali kwa ajili ya mbinu. Kuingiza alama ndani ya jeni la Kit kunavunja nakala moja ya jeni hilo. Mnyama anabaki na nusu ya c-kit. Kama seli unazotafuta zinahitaji c-kit ya kutosha ili zifanye kazi, umezidhoofisha kwa kifaa cha kuzitafutia. Kundi la Bernardo Nadal-Ginard limesema hivyo. Tena c-kit iko kwenye seli za kinga ziitwazo mast cells na za mishipa pia, seli shina kama zipo ni sehemu ndogo sana ya zote zenye c-kit. Kupima mfuko mzima kunaficha wachache.

#14 Mnasaba
Mtetezi, hoja ya nusu ya jeni ni halali. Lakini kundi la Bin Zhou huko Shanghai lilikuja kwa mlango mwingine: wakatia alama seli zote za msuli upande mmoja na zisizo za msuli upande mwingine, bila kugusa Kit. Kwa moyo wa mtu mzima, hata baada ya jeraha, hawakuona zisizo za msuli zikigeuka msuli. Wachache wako waliojificha walipaswa kuonekana hapo, wawe na c-kit au wasiwe nayo.

#15 Mtetezi wa Kit
Kwa panya. Binadamu hatumtii alama.

#16 Bi Patholojia
Nafuu jamani, tusiipoteze. Maelezo yaliyopendwa kwa muda mrefu ni kwamba seli zikidungwa hutoa kemikali zinazosaidia majirani: VEGF ya kuotesha mishipa, IGF-1 ya kuzuia seli kufa, na vifuko vidogo vyenye RNA. Ugumu wake ni muda. Seli nyingi zinazodungwa hupotea ndani ya siku chache, nyingine husombwa na damu dakika zilezile. Kemikali inayotoka kwa siku tatu ibadilishe kovu la miezi sita? Sisemi haiwezekani, nasema anayedai aonyeshe kemikali gani na kiasi gani.

#17 Hadubini
Bi Patholojia, jaribio la Vagnozzi na Molkentin, lililochapishwa Nature, linakuondolea hata hitaji la seli kuwa hai. Walimjeruhi panya kwa kuziba ateri kisha kuifungua, wiki moja baadaye wakadunga pembezoni mwa jeraha. Kundi moja seli za uboho hai, jingine seli zilizouawa kwa kugandishwa na kuyeyushwa, jingine zaimosani, ambayo ni ganda la hamira linaloamsha kinga ya mwili. Yote matatu yaliboresha moyo. Wakizima kinga kwa siklosporini, faida inaondoka. Wakaona makrofaji, seli za kinga zinazokula mabaki, za aina mbili, zenye alama ya CCR2 na zenye CX3CR1, zikikusanyika, kolajeni (nyuzi za kovu) ya pembezoni ikipungua na kovu likipata uimara bora.

Kwangu hili ndilo jibu: sindano iliamsha kinga, kinga ikarekebisha kovu.

#18 Dokta Ventrikali
Kwa panya wa wiki moja, pengine. Lakini tazama jaribio la SCIPIO la Louisville, lile la Lancet 2011 lililofutwa 2019. Wagonjwa walipewa seli za c-kit milioni moja za moyo wao wenyewe kupitia ateri ya moyo, takriban miezi minne baada ya upasuaji wa kuunganisha mishipa, na makovu yao mengi yalikuwa ya zamani. EF ikaripotiwa kutoka 30.3 hadi 38.5. Milioni moja kwenye ateri, si ndani ya msuli, ziamshe makrofaji kiasi hicho? Ventrikali ya kushoto ina seli za msuli kama bilioni 3.2 kwa hesabu ya Bergmann ya 2015. Mimi hapo nipo na Takwimu Safi.

#19 Mgeni Mchunguzi
Samahani kuingilia. Huku kwetu matangazo ya "seli shina za moyo" yanasambaa kwenye simu. Nimwambie nini mzee mwenye moyo kushindwa?

#20 Dokta Ventrikali
Karibu. Kwanza ujue chanzo cha ugonjwa wake. Utafiti wa THESUS-HF uliochapishwa 2012, hospitali 12 katika nchi 9 za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulikuta wastani wa umri wa miaka 52, na chanzo kikubwa kikiwa shinikizo la damu, asilimia 45. Kuziba kwa ateri za moyo kulikuwa kama asilimia 8 tu. Hadithi yote ya Anversa ni ya kovu la ateri kuziba. Mwenye valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi hakosi seli za msuli, anakosa valvu.

Kisha uliza wanaotangaza: seli zinatoka wapi, ngapi, zinaingizwaje, na mgonjwa anabaki kwenye mashine ya kufuatilia mapigo kwa siku ngapi? Anayesema saa mbili na kwenda nyumbani, mkimbie. Dawa za kushusha shinikizo, vizuia beta na spironolaktoni asiziache kwa ahadi yoyote.

#21 Kijana wa Slaidi
Hilo la mashine ya mapigo lina sababu. Seli za misuli ya paja zilizopandwa moyoni, kazi iliyoanzishwa kwa binadamu na Philippe Menasché wa Paris mwaka 2000, hazitengenezi mawasiliano ya umeme na majirani kwa sababu zikikomaa hukosa konneksini-43, protini inayopitisha umeme kati ya seli. Na seli halisi za moyo zilizokuzwa kutoka seli shina za kiinitete, kundi la Murry liliwapa nyani bilioni moja mwaka 2014: msuli ulishika kweli, na mapigo yakavurugika kwa wiki kadhaa, maana seli changa zinajipigia zenyewe. Zinazofanya kazi ndizo zenye hatari, na hilo wauzaji hawalisemi.

#22 Takwimu Safi
Turudi kwa #17. Ningependa jaribio la binadamu lenye makundi matatu kwa kura: seli hai, seli zilezile zilizouawa kwa kugandishwa, na maji ya chumvi. Idadi sawa, sindano ileile, mahali palepale. EF isomwe kwa MRI na mtu asiyejua kundi wala tarehe ya picha. Hai na mfu zikilingana na zote zikazidi maji, Hadubini ana haki. Zote tatu zikilingana, ni hesabu yangu ya mkono uliosogea.

#23 Bi Patholojia
Ongeza kundi la nne, ambao hawakudungwa kabisa. Sindano yenyewe inatoboa msuli, inatoa damu, inaita makrofaji. Bila kundi hilo, maji yako ya chumvi si sifuri.

#24 Mtetezi wa Kit
Na seli mfu mnazigandisha mara ngapi? Mara moja kwenye naitrojeni ya maji huacha hai wachache, hasa kama kuna DMSO ndani, kemikali inayolinda seli zisife kwa baridi. Pimeni kwa trypan blue, rangi inayoingia seli zilizokufa tu, kabla ya kudunga, la sivyo mtasema mfu kumbe asilimia kadhaa inapumua, na tutarudi hapa.